Biringanya nyeupe katika bustani ya nyumbani Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayelima uani, kwenye kibaraza au juu ya paa hapa Nairobi, si ya mkulima wa ekari. Tunaanza na kuvuna, ingawa shambani kuvuna huja mwisho, kwa sababu hapo ndipo biringanya nyeupe nyingi huharibika. Mtu huangalia mmea wake kwa miezi mitatu, tunda linatoka zuri, kisha analiacha mtini akisubiri liive.

Nitajuaje biringanya nyeupe imefika kuvunwa?

Usingoje igeuke rangi. Ikianza kupiga umanjano umeshachelewa: mbegu zimekomaa na kuwa ngumu, nyama imelegea, na uchungu umeingia. Nyanya hungojwa iive, lakini biringanya huliwa ingali changa, sawa na tango au bamia. Ile ya zambarau huficha uzee wake chini ya rangi, kwa hivyo wengi wetu hatujazoea kuuangalia. Nyeupe haifichi kitu, mradi ujue unatafuta nini.

Kwanza tazama mng'ao. Tunda lililo tayari lina ngozi nyororo inayong'aa ukiligeuza kwenye mwanga. Likianza kufifia, hata kama bado ni jeupe, likate siku hiyo hiyo. Pili, libonyeze taratibu kwa kidole gumba. Likiwa gumu kabisa na halibonyei, liache siku chache. Likibonyea kidogo kisha likarudi, ni lenyewe. Alama ya kidole ikibaki pale pale, limepita wakati. Na kama bado una shaka, kata moja katikati. Mbegu nyeupe, laini, zinazoonekana kwa shida zinakuambia endelea kuvuna. Mbegu za kahawia zinakuambia ulipaswa kuvuna mapema.

Je, nisubiri ifikie ukubwa gani?

Inategemea aina. Zile ndogo za umbo la yai hukatwa zikiwa na sentimita 5 hadi 7. Gretel, aina chotara ya matunda membamba yanayotoka kwa vishada, huwa tamu zaidi ikiwa na sentimita 7 hadi 10. Casper hufika karibu sentimita 15. Soma pakiti ya mbegu, lakini mng'ao ukikuambia kitu na pakiti ikakuambia kingine, fuata mng'ao. Katika baridi yetu tunda linaweza kukomaa likiwa dogo kuliko ilivyoandikwa, na anayengoja sentimita zitimie huishia na tunda la njano.

Matunda yakianza, pita bustanini kila baada ya siku tatu au nne. Ukikuta lililozeeka chini ya majani, likate pia, hata kama huli. Mmea uliobeba matunda yenye mbegu zilizokomaa hupunguza kutoa maua.

Nikate au nivute?

Kata, kwa kisu kikali au makasi, ukiacha kikonyo cha sentimita 2 au 3. Shina la biringanya ni gumu kama kuni, na ukivuta utavunja tawi zima. Angalia ile kofia ya kijani juu ya tunda, kwani aina nyingi zina miiba midogo hapo. Asubuhi ndio wakati mzuri, tunda likiwa bado na ubaridi wa usiku.

Hii si ndiyo ngogwe?

Hapana, ila ni ndugu. Ngogwe, ambayo wengine huiita nyanya chungu, ni mmea wa asili ya Afrika, Solanum aethiopicum. Biringanya ni Solanum melongena, na asili yake ni Asia. Zikiwa changa zinaweza kufanana sana, hasa ngogwe nyeupe na biringanya ndogo za umbo la yai. Tofauti hujitokeza zikikomaa: ngogwe huwa nyekundu au ya rangi ya machungwa, biringanya nyeupe huwa ya njano. Ngogwe pia ina uchungu wake wa asili, ambao wanaoipenda ndio wanaoufuata. Ukinunua mbegu au miche, uliza jina la aina, usiridhike na "ile nyeupe".

Mbegu nitapata wapi?

Agroveti nyingi hapa mjini huweka Black Beauty na aina nyingine za zambarau kwanza. Nyeupe itabidi uulizie, na wakati mwingine uagiziwe. Tunda lenyewe unaweza kulikuta City Park kule Parklands au soko la Ngara, ambako wauzaji wamezoea wateja wa Kihindi wanaotaka biringanya za kila umbo na rangi.

Lakini usinunue tunda sokoni ukitumaini kupanda mbegu zake. La sokoni limevunwa changa, kama inavyopaswa, na mbegu changa hazioti.

Kama una jamaa ng'ambo anayetaka kukutumia pakiti kwenye bahasha, mwambie asubiri. Mbegu zinazoingia Kenya huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Sheria hiyo ina sababu nzito: virusi na bakteria husafiri ndani ya mbegu, na nyanya na viazi vya majirani zako ni jamaa wa karibu wa biringanya.

Nipande mwezi gani?

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na vitabu. Sukuma na maharagwe tumezoea kuvipangia kwa mvua. Biringanya nakushauri uipangie kwa baridi.

Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Biringanya hupenda mchana wa nyuzi 22 hadi 30 za Selsiasi. Juni na Julai, mpaka ndani ya Agosti, mawingu hukaa siku nzima na usiku huteremka hadi nyuzi 11 au 12, pengine chini ya hapo. Mmea haufi, kwa kuwa hatuna jalidi, lakini husimama. Majani hukunjamana, maua huanguka, na tunda lililokuwa limeanza hukaa wiki kadhaa bila kukua.

Sasa fanya hesabu. Ukisia mbegu Januari ili uhamishe miche mvua za masika zinapoanza Machi, matunda yataanza Juni, baridi ikiwa imeingia. Ndiyo maana watu wengi husema biringanya haitaki Nairobi. Inataka, ila si kwa kalenda hiyo. Sia mwishoni mwa Julai au mapema Agosti, mahali penye joto ndani ya nyumba. Hamisha miche mwishoni mwa Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imeanza kupata joto na mvua fupi ziko njiani. Utavuna kuanzia Desemba au Januari mpaka Machi, miezi yenye jua zaidi kwetu.

Mtaa nao una neno lake. Embakasi, Syokimau na Athi River kuna joto kuliko Karen, Ruaka au upande wa Ngong. Ukiwa kule juu, tafuta ukuta unaopigwa na jua la mchana na upande mbele yake, kwa sababu ukuta huhifadhi joto mpaka jioni. Hilo peke yake linaweza kukupa mavuno ambayo jirani yako hapati.

Miche huchukua muda gani?

Mbegu huota kwa siku 7 hadi 14 zikipata nyuzi 25 au zaidi. Kwa baridi ya Agosti zinaweza kuchukua wiki tatu, kwa hivyo usimwage udongo ukidhani zimekufa. Zifukie kina cha sentimita 1, funika trei kwa karatasi ya plastiki mpaka uone vichipukizi, kisha iondoe siku hiyo hiyo na usogeze miche dirishani. Sehemu nzuri ya kuweka trei kabla hazijaota ni juu ya friji au karibu na jiko. Miche iko tayari kuhamishwa baada ya wiki 6 hadi 8, ikiwa na majani halisi manne hadi sita. Izoeshe nje wiki moja kwanza: kivulini, kisha jua la asubuhi, kisha jua kamili.

Tangu kuhamisha hadi tunda la kwanza, pakiti nyingi husema siku 60 hadi 80. Kwa mwinuko wetu, ongeza wiki mbili au tatu kichwani mwako ili usikate tamaa.

Udongo wangu ni ule mweusi unaonata. Utafaa?

Udongo mweusi wa pamba wa Embakasi, South C au Kitengela una rutuba, tatizo lake ni maji. Mvua ikinyesha husimama juu, mizizi ikakosa hewa. Jua likiwaka, unapasuka na kukata mizizi. Inua tuta la sentimita 25 au 30, uchanganye mboji nyingi na mchanga kidogo, na upande juu yake. Udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu au Westlands hupitisha maji vizuri zaidi. Huo unahitaji samadi iliyoiva na matandazo tu.

Ukitaka kujua kwa hakika, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete hupima udongo. Biringanya hupenda pH ya kati ya 5.5 na 6.8.

Usilime kando ya gereji, palipochomwa takataka au ukingoni mwa mto unaopitisha maji machafu. Madini mazito hayaoshwi kwa maji ya bomba.

Nimepanga nyumba, sina hata futi moja ya ardhi.

Ndoo ya lita 20 inatosha mmea mmoja, na mtungi wa zamani uliokatwa juu unatosha pia. Toboa mashimo sita au zaidi chini. Jaza udongo, mboji na mchanga au pumice (vijiwe vyepesi vya volkano), kwa sababu udongo mtupu wa shambani hushikamana na kuwa tofali ndani ya ndoo. Magunia ambayo watu wa Kibera wamekuwa wakipandia sukuma kwa miaka mingi yanafaa, ila biringanya ipande juu, si ubavuni: ni mmea mzito, tawi lake lenye matunda manne litavunjika likining'inia pembeni.

Jua ndilo swali la kweli. Kibaraza kinachopata chini ya saa sita za jua kitakupa majani mazuri na tunda moja moja. Kama paa la jengo liko wazi, zungumza na msimamizi kabla hujapandisha ndoo, hasa kuhusu uzito na maji yanayotiririka. Kilimo cha mjini kinatambuliwa hapa. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukiendeleza na kukisimamia mwaka 2015. Lakini paa ni la mwenye nyumba, na mazungumzo ya mapema huzuia ugomvi.

Maji ya mgao yatatosha?

Yatatosha ukiweka matandazo. Nyasi kavu, maganda ya kahawa au majani makavu, unene wa sentimita 5, hupunguza sana maji yanayopotea. Ardhini mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki kuliko kidogo kidogo kila siku. Ndoo huenda ikahitaji kila siku mwezi wa Februari. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie bila wasiwasi. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie.

Muhimu zaidi ni kutoruka-ruka. Mmea uliokaushwa kisha ukafurikishwa hutoa matunda machungu, na yanayooza kitako.

Mbolea je?

Viganja viwili vya samadi iliyoiva kwenye kila shimo wakati wa kupanda. Samadi ya kuku iache ioze kwanza miezi kadhaa, la sivyo itachoma mizizi. Maua yakianza, ongeza mboji. Wanaotumia CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, wasizidishe: nitrojeni nyingi huleta kichaka cha kijani kisichozaa.

Maua yanaanguka bila kufunga tunda. Kwa nini?

Mara nyingi ni baridi ya usiku au ukame. Lakini kwenye vibaraza na paa kuna sababu nyingine: hakuna wa kulitikisa ua. Chavua ya biringanya imefungwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na hutoka kwa mtetemo. Nyuki wa asali hawezi kuitetemesha hivyo. Anayeweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, pamoja na nyuki wengine wa porini. Watafiti waliochunguza mashamba ya biringanya kule Nguruman, Kajiado, walikuta kwamba nyuki hao wa porini ndio wanaofanya kazi hiyo, na kwamba wanategemea vichaka vya asili vilivyo karibu.

Basi ukimwona anazunguka kwenye boriti yako, mwache. Kama hafiki ghorofa ya tano, gonga shina la ua kwa kidole katikati ya asubuhi, au uguse nyuma ya ua kwa mswaki wa umeme. Ua lina sehemu za kiume na za kike pamoja, kwa hivyo mmea mmoja unatosha.

Wadudu gani niwaangalie?

Januari na Februari, utitiri mwekundu. Geuza jani: ukiona vitone vya njano juu na utando mwembamba chini, ni yeye. Anapenda ukavu na vumbi, kwa hivyo rushia maji upande wa chini wa majani asubuhi, mara kadhaa kwa wiki. Inzi weupe na vidukari huondoka kwa maji ya sabuni, kijiko kidogo cha sabuni laini kwa lita moja, au kwa mafuta ya mwarobaini, yakipulizwa jioni.

Ncha ya tawi ikinyauka ilhali mmea mzima uko sawa, kata hapo uchungulie ndani. Kuna kiwavi anayetoboa matawi na matunda. Kata chini ya tundu, ukichome kipande hicho au ukifunge kwenye mfuko. Kukitupa kwenye mboji ni kumfuga.

Kuhusu dawa za dukani nina msimamo mkali. Biringanya huvunwa kila baada ya siku tatu au nne, na dawa nyingi hudai usubiri siku kadhaa, nyingine wiki mbili, kabla ya kula. Hesabu hizo hazikutani. Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, yenye kibandiko kamili, na utupe matunda yote yatakayofika wakati wa kungoja. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Mmea ulikuwa mzima, ghafla umenyauka ukiwa wa kijani.

Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, ondoa na udongo wa mizizi, osha jembe.

Kinga yake ni kubadilisha mazao, na hapa wengi hunaswa na managu. Nyanya, viazi, pilipili na biringanya tunajua ni ukoo mmoja. Managu nayo ni ya ukoo huo, na imo karibu kila bustani ya Nairobi. Mahali palipokaa yoyote kati ya hizo, panda sukuma, kunde, dania au vitunguu kwa miaka mitatu kabla ya kurudisha biringanya. Anayetumia ndoo ana nafuu: abadilishe udongo.

Ngozi ina makovu ya kahawia. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni msuguano wa majani na matawi kwenye upepo. Kwenye zambarau hata usingeona. Funga mmea kwenye kijiti mapema, na upunguze majani yanayolisugua tunda, lakini usiliache wazi kabisa kwa jua la mchana, litaungua. Kovu kavu halina madhara. Doa laini linalozama ni kuoza.

Mapishi yake ni tofauti?

Nyama yake ni laini na si chungu ikivunwa kwa wakati. Ngozi, kwa aina nyingi, ni ngumu kidogo. Kwenye tunda kubwa menya. Faida ninayoipenda ni kwamba mchuzi wa nazi hubaki na rangi yake. Biringanya zote hunywa mafuta, kwa hivyo nyunyiza chumvi, ngoja nusu saa, kamua, kisha kaanga. Vipande vyembamba vilivyochovywa kwenye unga wa dengu hutoa bajia nzuri sana. Ukishakata, weka kwenye maji yenye ndimu, la sivyo vitakuwa vya kahawia kabla sufuria haijapata moto.

Ina lishe sawa na ya zambarau?

Karibu sawa: maji mengi, nyuzinyuzi, kalori chache, takriban 25 kwa gramu 100. Inachokosa ni ile rangi ya zambarau ya ngozi, anthosayanini.

Nihifadhi kwenye friji?

Heri usihifadhi. Chini ya nyuzi 10 ngozi hupata vishimo na mbegu huwa nyeusi ndani. Iweke mahali pa baridi jikoni, mbali na ndizi na parachichi zinazoiva, uile ndani ya siku tatu.

Naweza kuhifadhi mbegu zangu?

Kama si chotara, ndiyo. Chagua tunda moja kwenye mmea wenye nguvu, ulifunge uzi wa rangi ili asilikate mtu, uliache mpaka liwe la njano iliyokolea na laini. Toa mbegu, osha kwenye bakuli, zile zinazozama ndizo nzuri, kausha kivulini. Ua la tunda hilo lifunike kwa kipande cha chandarua kabla halijafunguka kama kuna biringanya za zambarau karibu. Zambarau hutawala nyeupe: nyuki akichanganya, miche yako ijayo itazaa matunda yenye rangi.

Machi imepita, matunda yamepungua. Ning'oe?

Kama shina ni zima, hapana. Hapa kwetu biringanya huishi zaidi ya mwaka. Mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, kata matawi mpaka theluthi moja ya urefu, juu ya chipukizi lenye afya, weka mboji na matandazo, kisha uuache upite kwenye baridi bila kuudai kitu. Septemba utachipua na kuzaa wiki kadhaa kabla ya miche mipya. Mwaka wa tatu usiupe: matunda huwa madogo na utitiri huwa umeshafanya makao.